Tiki mbili za bluu si ushahidi wa dharau
Kuna makala inayosema wapenzi wanagombana kwa sababu mmoja "kasoma, kanyamaza". Jamani, tuzielewe kwanza hizo tiki za WhatsApp. Moja ya kijivu: ujumbe umetoka kwako, haujafika kwenye simu yake, huenda imezimwa au bando limeisha. Mbili za kijivu: umefika. Za bluu, zilizoanza mwaka 2014, zinaonyesha tu kwamba mazungumzo yamefunguliwa. Mtu akifungua kwa sekunde 2 huku anavuka barabara, zinageuka bluu vilevile. Na akisoma juu kwa juu kwenye arifa, zinabaki kijivu ingawa kila neno kaliona. Sasa ugomvi wa nini?

Kuzizima hizo za bluu, ingia mipangilio, kisha faragha. Ila hutaziona za wenzako pia, na kwenye magrupu zinaendelea kuonekana.

Jambo zito lisiandikwe kabisa. "Sawa" iliyoandikwa peke yake haina sauti. Aliyeudhika na aliyeridhika wanaiandika vilevile, na msomaji mwenye wasiwasi huchagua maana mbaya. Piga simu. Ikishindikana, rekodi ujumbe wa sauti, angalau kusita kwako kutasikika.