Mdadisi afike mama akiwa nyumbani
Nimesoma habari ya maandalizi ya utafiti wa kaya kuhusu afya na ustawi wa wanawake na watoto, nami kama mkazi wa Mufindi ninauunga mkono kwa moyo wote, maana utafiti kama huo wa mwaka 2022 ndio uliotuonyesha kwamba mkoa wetu wa Iringa, pamoja na mahindi yote tunayovuna, ulikuwa na udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ombi langu ni kuhusu saa ya kubisha hodi. Huku mama hutoka alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, kwenda kuchuma chai, na mtoto hubaki na bibi. Mdadisi, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya utafiti, akija saa nne atampima mtoto urefu vizuri kabisa, lakini si kila bibi atajua mtoto alianza lini kulikizwa. Arudi jioni. Na maswali ya utafiti kuhusu ukatili wa majumbani yaulizwe faraghani kweli, mbali na masikio ya mume na mama mkwe, hata ikibidi wakae nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi.