Shanta zito Bagamoyo: dhihaka au mazoezi?

Kama kuna mji wa pwani ambako mtu anayebeba mzigo kwa hiari yake anaweza kuwakera watu, ni Bagamoyo. Ndiyo maana sishangai wanavyosemwa wale wanaotia kilo kadhaa kwenye shanta, wakalifunga mgongoni na kuuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu jua likishapoa. Asili ya mazoezi haya ni jeshini, ambako askari hufundishwa kutembea na vyombo vyake mgongoni. Raia wa Marekani na Uingereza wakayachukua, na kwetu yamefika kupitia simu kama mengi mengine. Barazani yanapokewa kwa swali moja: "Vipi kijana, unahama?"

Wanaoyapinga hawakosi hoja, na hoja yao nzito kuliko zote haihusu afya. Wanasema huu ni mji ulioshuhudia watu wakifika na pembe za ndovu mabegani, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Hata leo wapo wanaobeba ndoo, viroba na kuni kwa sababu hawana namna. Kuugeuza mzigo kuwa burudani, wanasema, ni kumcheka asiye na hiari. Wazee hukwambia mzigo ni dhiki, na anayeutafuta hajawahi kubebeshwa.

Naiheshimu hoja hiyo, ila naona inawapunja wapagazi wenyewe. Watumwa walikuwapo, hilo halifutiki. Lakini Wanyamwezi wengi walioshuka pwani katika karne ya 19 walikuwa watu wa ujira. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na juu yake mtu aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Walijua kiasi chao. Wakizidishiwa waligoma, na wakionewa walitoroka. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa mwanamume, na wabeba pembe walitembea kwa maringo. Februari 1874, Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mmisionari na msafiri David Livingstone, waliufikisha mwili wake hapa Bagamoyo baada ya kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Pale Misheni tunawaonyesha wageni mnara ambamo mwili huo ulilazwa, na sijasikia mtu akiiita safari ile aibu.

Nashuku kinachokera ni jambo dogo zaidi. Mjini kwetu mwenye mzigo ni yule aliyekosa nauli, na mwenye cheo hata begi la kompyuta hubebewa. Kwa hiyo anayetembea na kilo saba kwa kupenda anavuruga hesabu ya nani ni nani. Sioni ubaya wa hesabu hiyo kuvurugwa kidogo.

Sasa tuingie kwenye hoja ya pili, ile ya "mama zetu wanabeba kila siku na hakuna anayewapigia makofi." Nenda soko la samaki asubuhi mashua zikishashusha, umtazame mama anayepandisha beseni kutoka ufukweni. Ngata ya kanga kichwani, beseni juu yake, maji ya chumvi yanamtiririka begani, na shingo haitikisiki. Anakwenda kwa hatua fupi huku akibishana bei na mtu aliye nyuma yake, bila kugeuka. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya. Waligundua kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili, Wajaluo wakiubeba kichwani na Wakikuyu mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, haukuwaongezea hata kidogo oksijeni waliyotumia. Askari waliobeba asilimia hiyo hiyo mgongoni walitumia takriban asilimia 13 zaidi.

Hiyo 13 nimeizungusha kichwani mara nyingi, maana kila upande unaweza kuinyakua. Chukua mtu wa kilo 70. Asilimia 20 yake ni kilo 14. Akitembea saa nzima kwenye njia tambarare kwa mwendo wa kawaida bila mzigo, hutumia kalori 230 hivi. Mwongezee asilimia 13, unapata kalori 30 za ziada. Thelathini! Nusu ya andazi haifiki. Anayevaa shanta ili apunguze kitambi basi anajisumbua, afadhali aliache andazi lenyewe. Wapinzani wakiishia hapo wameshinda.

Ila mimi siishii hapo. Mama wa beseni hatafuti mazoezi, anataka samaki wafike, na mwili wake umejifunza kubana matumizi. Shanta ni njia mbovu ya kubebea, na kwa mtu wa mazoezi ubovu huo ndio faida: mgongo, nyonga na mapaja hayapati pa kukwepea, na moyo unapiga haraka zaidi bila mtu kuongeza mwendo. Kumlinganisha na mama wa sokoni, kwa kumsifu au kumbeza, ni kulinganisha watu wenye shughuli mbili tofauti. Na tusiikuze sana habari ya 1986. Mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuuona unafuu huo: kwa walio wengi kichwa hakikuwa nafuu kuliko mgongo, na mtu na mtu walitofautiana sana. Kwa hiyo usiende sokoni ukamwambia mama yule kwamba mzigo wake haumgharimu kitu. Atakutwisha beseni.

Hoja kali kuliko zote wapinzani hawaitumii, basi nitawasaidia. Kutembea kwenye mchanga mkavu hula nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea penye ardhi ngumu kwa mwendo ule ule. Vipimo hivyo vilichapishwa mwaka 1998. Na Bagamoyo ufukwe haujatunyima. Vua viatu, liache shanta nyumbani, tembea mchangani, na utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko aliyezunguka na kilo 14. Kama nia ni jasho tupu, sina jibu la hesabu hiyo.

Lakini wengi wa hawa wenye mashanta wanataka na mji pia, na mji hauko mchangani. Bagamoyo ni tambarare, haina kilima cha kukutoa pumzi. Kukimbia vichochoroni kuna taabu yake: kila hatua ya mkimbiaji hutua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, ilhali ya mtembeaji huuzidi uzito wake kidogo tu. Mwenye magoti yaliyokwisha kukataa mchakamchaka, kilo saba mgongoni zinampa kazi bila kishindo hicho. Tena zinamlazimisha asimame. Ukipita Mtaa wa India kwa bodaboda unaona kuta kuukuu, basi. Ukiupita na shanta, utatafuta baraza la kupumzikia, na ukikaa pale ambapo plasta imebanduka utaona jinsi ukuta ulivyojengwa: mawe ya matumbawe yenye vitundu vyake bado, chokaa katikati, na boriti za mikoko zikichungulia pale dari lilipoanguka. Kutoka hapo ni Boma la Wajerumani, Forodha, Ngome Kongwe, na mwenye pumzi anaweza kwenda hadi magofu ya Kaole, kama kilomita tano kusini.

Liko na jambo ambalo huwezi kulipima. Anayetembea mikono mitupu na simu mkononi huitwa na kila mwenye bodaboda na kila anayetaka kumtembeza. Mwenye mzigo huambiwa "pole na mzigo," naye huitika "nimeshapoa." Hapo mazungumzo yameanza, na akisema ni mchele tu umo ndani, watu watacheka na kumsogezea kiti.

Mchele sisemi kwa mzaha. Kilo tano za mchele na chupa ya maji ya lita moja na nusu zinatosha kabisa kwa kuanzia, na jioni mzigo unapikwa. Mchele uviringwe kwenye kanga na ukae juu, usawa wa mabega, kwa sababu ukizama chini ya begi utakuvuta nyuma na kiuno ndicho kitakacholalamika.

Wenye hofu ya kitabibu hawajakosea kuwa nayo. Mikanda ikibana mabega kwa muda mrefu hukandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, na askari wamewahi kupooza mkono kwa sababu hiyo. Habari ya kuimarisha mifupa nayo isiuzwe kwa bei ya juu: mwaka 2025 yalitoka matokeo ya jaribio la watu 150 wenye umri mkubwa waliokuwa wakipunguza uzito, na vizibao vizito walivyovaa havikuuzuia mfupa wa nyonga kupungua. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa mgongo wasijaribu bila kumwona daktari. Joto letu pia si la kuchezea. Saa za kutembea ni alfajiri au baada ya alasiri.

Ila anayelia kuhusu migongo ya watu wazima na akanyamaza mtoto wa darasa la tatu anapoinama chini ya begi la madaftari, huyo simwelewi. Mtoto wa kilo 25 akibeba kilo tano ameshafika asilimia 20, kiasi kile kile cha askari, wakati ushauri unaotolewa mara nyingi ni 10 hadi 15. Mtu mzima aanzie na 10, na vidole vikianza kufa ganzi alishushe begi palepale, hata kama Kaole bado iko mbali.