Jiwe Linaloidai Serikali

Leo mchana nimekula kiporo changu cha wali kwenye bustani moja hapa Greensburg, Pennsylvania, mbele ya kaburi la gavana aliyekufa na madeni. Nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akamvuta mbwa wake pembeni.

Kaburi ni la Arthur St. Clair. Huku jina lake limezagaa. Hata kitongoji cha wenye nazo kusini mwa Pittsburgh kinaitwa Upper St. Clair. Mwenyewe alikuwa wa kuja kama mimi, mzaliwa wa Thurso huko Scotland. Aliingia na jeshi la Uingereza, baadaye akaligeuzia bunduki, akapanda hadi Meja Jenerali chini ya George Washington katika vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 1787 aliongoza Bunge la Marekani, mwaka uliofuata akawa gavana wa nchi yote iliyo ng'ambo ya mto Ohio. Jina la Cincinnati ni yeye aliyeupa mji ule.

Sasa sikia. Aliingia kwenye siasa akiwa na mashamba, akatoka hana kitu. Alitanguliza fedha zake kwa ajili ya jeshi na serikali akijua atarudishiwa, Bunge likamzungusha, wadai wakauza mali. Mwaka 1818 akafa fukara, makazi yake kibanda cha magogo. Mnamo 1832 Frimasoni wenzake ndio waliomwekea jiwe (ndiyo, Frimasoni, na utajiri hawakumpa, ninyi mnaopiga namba za kwenye nguzo za umeme). Limeandikwa kwamba jiwe hili duni limesimamishwa kuziba nafasi ya lililo bora, ambalo bado anaidai nchi yake.

Soma tena. Jiwe, bustanini, hadharani, linaisuta serikali. Na wanalifyekea majani.

Kwetu mawe hatujapungukiwa. Kijijini kwetu lipo la marumaru, herufi za dhahabu, "Mradi huu wa maji umezinduliwa rasmi na Mheshimiwa". Bomba lilitoa maji siku ile ya ngoma na maturubai. Jiwe linang'aa hadi leo.

Najua mtakachosema. "Mbeba boksi umeanza dharau." "Rudi ujenge nchi." Mimi kodi ya huku nakatwa, na ada za wadogo zangu huko nalipa, kwa hiyo tusifundishane uzalendo. Wala sijasema hawa ni malaika. Huyo St. Clair alikuwa akipora ardhi ya watu. Tarehe 4 Novemba 1791 wenyeji wa asili, Wamiami, Washawnee na wenzao, walimkung'uta, wakaua zaidi ya askari wake 600. Na Bunge lililomnyima haki yake lilikuwa la Wamarekani hawa hawa. Kwa habari ya kuzungushwa faili, mzee wangu angekaa na St. Clair wakaelewana bila mkalimani.

Tofauti ninayoiona ni hiyo moja tu. Hapa waliodhulumiwa nao walipata pa kuchonga. Kwetu mwenye jiwe ni mgeni rasmi.

Juzi binamu kanitumia picha: kisima kipya, jiwe jipya, pazia bado limening'inia upande mmoja, mbuzi kalala kwenye kivuli chake. Nikamuuliza, maji yanatoka?

"Kaka, sherehe ilifana."