Kadi ya boti huku Ontario na mitumbwi yetu ya Ukerewe

Jamani huku Ontario, Kanada, hununui tu boti ya injini ukajiingilia nayo ziwani. Hata kale kadogo ka kuvulia samaki wikiendi, lazima anayekaendesha awe na kadi ya kuonyesha anajua kuendesha boti, na tangu Septemba 2009 hakuna cha mzoefu wala mgeni. Mi mtihani nilifanyia nyumbani kwenye kompyuta, maswali 50, ukipata asilimia 75 umepita na kadi ni ya maisha. Wanakuuliza vitu vya maana kabisa, mfano boya jekundu unaliacha upande gani ukiwa unaingia bandarini (kulia), na mtoto wa chini ya miaka 12 akiwa peke yake haruhusiwi injini inayozidi HP 10.

Hapo nikakumbuka mbali. Mi mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, nilishika injini ya HP 15 nikiwa na miaka tisa, baba mdogo kaniachia mkono wa injini yeye anawasha sigara, na tulikua tunaona ndo uanaume.

Desemba nilirudi Ukerewe, shemeji akatupakia kwenda kutembea kisiwa cha jirani, tuko watu 14 na laifu jaketi nne, tatu zimefungwa na kamba ya manila chini ya benchi, ya nne kavaa mtoto ila kifungo kimekatika wamekaza kwa kitenge. Nikauliza, nikajibiwa sisi tumezaliwa majini. Sasa wale wa MV Nyerere Septemba 2018 si walikua watu wa visiwani hukohuko, na kivuko kilipinduka kisiwa cha Ukara panaonekana pale, tukazika zaidi ya watu 200.

Sisemi tulete mtihani wa kompyuta kwa kila mwenye mtumbwi, hapana, hiyo itakua njia ya watu kuombwa hela tu. Na hata sheria ya Kanada naiona ina kasoro, inataka kila mtu awe na jaketi lake la saizi yake ndani ya boti ila mtu mzima halazimiki kulivaa, sasa boti ikipinduka utaanza kulitafuta saa ngapi? Mi nataka kimoja, jaketi liwe mwilini kabla kamba haijafunguliwa, na majaketi yakiisha watu waliobaki wasubiri ufukweni.

Kabla sijaondoka nilinunua sita pale Mwanza mjini nikamwachia shemeji. Juzi nampigia, ananiambia yako chumbani, anaogopa yatanuka samaki. Nimemwambia ayatoe leo leo, yanuke.