Usimlaze Mtu Chini ya Gari Lililoshikwa na Jeki

Ukizunguka gereji za Changamwe na Shimanzi siku ya Jumamosi hukosi kuona Land Cruiser au Jimny likiwa hewani, tairi zimetolewa, springi mpya ziko ndani ya maboksi zinangoja. Watu wa Mombasa tumependa kupandisha magari, yaani kuyaongezea kimo kwa springi mpya, na sababu zipo. Anayekwenda Tsavo kupitia lango la Bachuma, anayepita mchanga wa Mambrui, au anayepeleka mizigo vijijini Kwale mvua za masika zikishika, anahitaji nafasi chini ya difu (gia zilizo katikati ya ekseli, zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) na springi zisizolala gari likipakiwa. Hapo sina ugomvi na mtu. Ninachogombana nacho ni mwenye gari kutoa fedha nyingi kwa springi na shoki zilizotoka Australia, kisha akaridhia gari liinuliwe kwa jeki moja na mawe mawili ya timbo, na chini yake alale kijana wa watu.

Nasema waziwazi: stendi za chuma, ile miguu ya kushikilia gari likishainuliwa kwa jeki, ziingie kwenye bei ya kazi kama zilivyo springi, na wa kuzidai ni mwenye gari, kabla hajatoa funguo. Mzigo huu tumemwachia fundi peke yake kwa muda mrefu. Tunamlalia bei, tunamhimiza gari liwe tayari kabla ya Magharibi kwa kuwa safari ni kesho alfajiri, halafu yakitokea ya kutokea twasema fundi hakuwa mwangalifu.

Jeki ya mafuta, iwe ya chupa au ya magurudumu, hushikilia gari kwa mafuta yaliyobanwa nyuma ya sili ndogo. Sili ikichakaa, au uchafu ukiingia kwenye vali, mafuta hupenya na gari hushuka, mara polepole, mara ghafla. "Bosi, hii ni ya tani tano," utaambiwa. Ni kweli, inaweza kuinua tani 5. Lakini itazishikilia kwa saa ngapi, huku mtu anapiga nyundo kwenye bolti iliyoganda kutu, amechomeka bomba refu kwenye spana, anavuta kwa uzito wake wote na gari zima linatikisika? Hilo halikuandikwa ubavuni mwa jeki. Kubadilisha springi za Land Cruiser, gari lenye zaidi ya tani 2 likiwa tupu, si sawa na kubadilisha tairi iliyopata pancha.

Jeki ndefu ya Hi-Lift ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu imekuwa pambo la kila gari la porini. Ni kifaa kizuri cha kulitoa gari kwenye tope. Ila kitako chake ni chembamba, gari likiwa juu huyumba kwa msukumo mdogo tu, na wakati wa kushusha ule mpini ukikuponyoka unaweza kupanda kwa nguvu ya kuvunja taya. Gari lililoinuliwa kwa Hi-Lift lisiingizwe hata mkono chini yake mpaka stendi zimeshika.

Na mawe ya timbo? Hayo ni matumbawe yaliyokatwa. Ukutani yanafaa sana, maana uzito husambaa juu ya jiwe zima. Chini ya chasisi uzito wote hukaa kwenye ukingo wa chuma usiozidi upana wa vidole vichache, na jiwe lenye vitundu hupasuka bila kutoa onyo. Bloku za saruji zenye matundu ni yale yale.

Kuna jambo ambalo hata mafundi hodari hulipita, nalo ni breki ya mkono. Kwenye Land Rover Defender ya zamani breki hiyo haishiki magurudumu kabisa. Ina ngoma yake nyuma ya giaboksi, na inachokizuia ni propela, ile shafti ya kupeleka nguvu, inayokwenda nyuma. Inua gurudumu moja la nyuma, na difu italipa uhuru: lililo hewani litazunguka huku, lililo chini litazunguka kule, propela imetulia tuli, na gari linakwenda ilhali breki imevutwa mpaka mwisho. Gari la otomatiki lililowekwa kwenye P, au la kawaida lililoachwa kwenye gia, lina udhaifu huo huo, kwa kuwa kinachofungwa kiko ndani ya giaboksi wala si kwenye gurudumu. Hilux na Prado breki zao za mkono hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma yote, zimeshika kitu kilicho hewani. Juu ya hayo, gari lililokaa Nyali au Likoni miaka kadhaa, na upepo wa chumvi tunaoujua, mara nyingi waya wake wa breki ya mkono umekula kutu na hauvuti sawasawa.

Kwa hiyo kabari ni lazima, za kweli, si kokoto iliyookotwa. Ziwekwe kwenye magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma ya kila moja. Kwenye Defender funga pia difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ili ekseli ya mbele nayo izuiwe. Mambo haya hayachukui dakika tano, na sijaona sababu ya kuyaruka.

Sakafu nayo. Gereji nyingi za kwetu ni uwanja wa mchanga au udongo mwekundu chini ya mwarobaini, na mvua ya jana haionekani juu lakini ipo chini. Hata lami si ya kuaminika: jua la saa saba la Februari huilainisha, na miguu myembamba ya stendi huzama upande mmoja. Penye sakafu ya saruji iliyo sawa ndipo pa kufanyia kazi hii. Kama hapana, kipande kinene cha mbao au bati zito la chuma liwekwe chini ya kila stendi na chini ya jeki.

Kupandisha gari kuna ugumu wake kuliko kazi nyingine za chini, kwa kuwa ekseli yenyewe lazima iachiwe ishuke. Stendi zilizowekwa chini ya ekseli, kama wengi walivyozoea wanapotengeneza breki, hazifai hapa. Zikae chini ya chasisi, pande zote mbili, mahali palipo imara na pasipo na kutu ya kuliwa. Kisha jeki inabaki chini ya ekseli kuibeba. Gari lenye springi za kupangana, zile za bapa za chuma, linataka uangalifu zaidi: yubolti, yaani bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, zikifunguliwa na springi zikitoka, ekseli haina tena kinachoishika, na ikikaa juu ya jeki moja katikati inaweza kupinduka pamoja na difu na kumwangukia mtu mguuni. Ishikwe pande zote mbili. Ishushwe taratibu huku mtu mwingine akiangalia hozi za breki, ambazo hazikutengenezwa kubeba uzito wa ekseli inayoning'inia.

Prado na Hilux mbele ni habari nyingine. Koili yao imebanwa juu ya shoki, na nati ya juu ikifunguliwa bila kifaa cha kubana springi, koili huruka kwa nguvu ya kuua. Gereji isiyo na kifaa hicho isiguse kazi hiyo.

Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa nguvu mbele, nyuma na ubavuni kabla mtu hajalala. Kama litahama, lihame wakati nyote mmesimama. Tairi zilizotolewa zilazwe chini ya chasisi, zisiegemezwe ukutani. Stendi ikisaliti, tairi na rimu yake huacha nafasi ya kifua cha mtu.

Najua jibu ninalopewa: "Mzee, nafanya kazi hii miaka ishirini." Miaka hiyo naiheshimu kwa dhati, na mafundi wetu wa jua kali wamefanya kwa spana chache kazi ambazo kwingine zinafanywa kwa mitambo mikubwa. Lakini ustadi wa fundi uko mikononi mwake, na sili iko ndani ya jeki ambako hawezi kuiona. Tena mara nyingi anayelala chini si yeye mwenye miaka ishirini. Ni spana boi aliyeanza juzi, anayeona aibu kuuliza kama gari limekaa vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi nchini, na kibanda cha mabati cha Jomvu nacho ni mahali pa kazi.

Ninalopendekeza ni jambo rahisi. Anayepandisha gari aongeze kwenye bajeti yake stendi nne, asome uzito ulioandikwa na ahakikishe ni wa stendi moja, kwa sababu zipo zinazoandikwa uzito wa jozi. Hapa pwani mimi ningechagua zile zinazofungwa kimo kwa pini nene kuliko zinazoshikwa na meno, kwani kutu ikiingia kwenye meno huwezi kujua kama yameng'ata sawasawa. Kazi ikiisha, ziachwe kwa fundi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na springi na shoki, na wateja watakaokuja baada yako watazikuta. Makundi ya marafiki wanaosafiri pamoja kwenda porini yanaweza kuchangia hata kwa siku moja, na gereji ikawa na stendi za kutosha.

Kabla ya kulipa, gari lishushwe kwanza likae kwa uzito wake ndipo bolti za bushi, zile pete za mpira kwenye maungio ya springi, zikazwe mara ya mwisho. Zikikazwa ekseli ikining'inia, mpira wa bushi hujipinda na kuchanika mapema. Yubolti ziwe mpya, na zikaguliwe tena baada ya kilomita mia kadhaa. Kisha toa jeki iliyokuja na gari na uijaribu hapo hapo gereji. Ilitengenezwa kwa kimo cha zamani. Ukiwa umeongeza na tairi kubwa, ekseli imepanda kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka, na chasisi imepanda zaidi ya hapo. Kama haifiki, nunua nyingine leo, na kipande cha ubao mpana wa kuwekwa chini yake, kabla hujaenda kupata pancha kwenye mchanga wa Galana.