Uzoaji wa taka vijijini Lamu: gharama igawanywe gatini

Hoja ya kuanzisha huduma ya kuzoa taka nyumba kwa nyumba katika vijiji vya visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya, huwagawanya watu wenye nia njema. Wapo wanaoshikilia kwamba wakati umefika kwa vijiji kama Matondoni, Kipungani au Siyu kuwa na mzoaji anayepita kila mlango kwa siku zinazojulikana, na kila nyumba itoe ada kidogo kila mwezi. Wapo wanaoona kwamba huduma hiyo ni ya mjini, kwamba vijiji vimejitunza kwa karne nyingi bila kumlipa mtu achukue taka, na kwamba wajibu wa kuzoa, kama upo, ni wa serikali ya kaunti. Kila upande una ukweli ambao wenzao hawapendi kuusikia. Niseme mapema ninakoelemea: naona mjadala huu umeanzia mkiani. Unaanza na mlango wa nyumba na ada ya mwezi, ilhali jambo gumu liko kule taka zinakoishia.

Wanaotetea desturi ya zamani hawabuni. Taka za nyumba ya Kiamu zilikuwa makumbi na vifuu vya nazi, maganda ya ndizi na muhogo, majani yaliyofagiliwa uani, jivu, na mabaki ya samaki. Makumbi yalisokotwa kamba, vifuu vikawashwa jikoni, mbuzi na kuku wakala walichokula, na paka wakamaliza vichwa na matumbo ya samaki kabla jua halijapanda. Kilichobaki kilikwenda jaani, kikaoza, kikawa udongo. Jaa la kijiji halikuhitaji msimamizi kwa sababu lilijipunguza lenyewe.

Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya ndoo, wala si tabia ya watu. Leo nyumba iliyo mbali kabisa na gari na barabara ya lami hutoa chupa za plastiki, vipakiti vya sabuni na viungo, mikebe, betri za tochi, ndara zilizokatika na pampasi za watoto. Hivi havijipunguzi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 iliondoa sehemu moja ya mzigo huu, na iliuondoa bila kijiji kuajiri mtu hata mmoja, jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayedhani dawa ya taka ni kuzizoa tu. Hata hivyo marufuku hiyo haikugusa chupa wala vipakiti vinavyouzwa dukani kila siku.

Nyumba isiyo na huduma ina njia tatu, na kila moja hutumiwa na watu wenye akili timamu kwa sababu zinazoeleweka. Ya kwanza ni kuchoma. Kuchoma ni rahisi, huchukua dakika chache, na rundo hupungua mbele ya macho. Lakini plastiki inayochomwa uani kwa moto hafifu hutoa moshi wenye sumu ambao wanaouvuta kwanza ni mama anayechochea na watoto wanaomzunguka, na mahali penye mapaa ya makuti, upepo wa kaskazi ukivuma, cheche moja yatosha kuteketeza mtaa.

Njia ya pili ni kuzika. Inaonekana safi zaidi, na kwa maganda na majani ni njia nzuri. Hatari yake iko chini ya miguu yetu. Maji matamu ya kisiwa cha Lamu yanategemea mvua inayonyonywa na michanga ya Shela na kukaa chini kama tabaka jepesi juu ya maji ya chumvi ya bahari. Mchanga unaopitisha mvua kwa wepesi hupitisha kwa wepesi uleule majimaji yanayotoka kwenye betri zilizooza na pampasi zilizofukiwa. Vijiji vingi vya visiwani bado vinachota kwenye visima vifupi, na anayezika taka hatua chache kutoka kisimani, hata kama ni ndani ya kiwanja chake, anagusa maji ya jirani zake wote.

Njia ya tatu ni ufuoni. Wanaoitumia mara nyingi hawatupi baharini moja kwa moja. Humwaga pembeni mwa maji, na bamvua, yaani maji makuu ya bahari, linapojaa huzoa bila malipo. Kwa macho ya kijiji taka zimekwisha. Kwa kweli zimehamia kwenye mizizi ya mikoko, na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, mazalio ya samaki na kaa wanaowalisha watu haohao. Kusi ikianza, sehemu ya shehena hiyo hurudi ufuoni pamoja na ya wageni, yaani chupa zilizosafiri kutoka pwani nyingine. Hapa wapinzani wa ada wana hoja nzuri: mzoaji wa nyumba kwa nyumba hataokota takataka zinazoletwa na bahari, na mtu anayelipa kila mwezi akiona ufuo bado umechafuka atajiuliza fedha zake zinafanya nini.

Ukizitazama njia hizi tatu pamoja, wanaotaka huduma wana haki kuhusu haja yenyewe. Nyumba za Lamu ni safi. Ua hufagiliwa alfajiri, na mafundisho kuhusu usafi hayajakosekana misikitini wala madrasani. Uchafu unaanza pale ukuta wa mwisho unapoishia, mahali pasipo na mwenyewe. Mahali kama hapo hapasafishwi kwa kuwahimiza watu wawe na adabu zaidi nyumbani. Panahitaji mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Tena kazi hiyo sasa hivi haifanyiki bure, kwani wanaoifanya ni wanawake na watoto, wanaobeba ndoo hadi jaani bila kuhesabiwa. Na punda wanaoachwa wazurure jioni hufukua majaa, humeza plastiki na kuumwa na tumbo, hasara inayomfikia mwenye punda hata kama hakuwahi kutupa chupa.

Hata hivyo hoja nzito zaidi ya upande wa pili haijibiwi na lolote kati ya haya. Taka zilizotawanyika katika nyumba mia mbili ni kero ndogo mia mbili. Zikikusanywa na kumwagwa mahali pamoja zinakuwa kero moja kubwa, yenye moshi, nzi, kunguru na majimaji yanayopenya mchangani. Huduma inayozoa vizuri na kumwaga vibaya inahamisha madhara kutoka kwa waliolipa kwenda kwa wanaoishi karibu na jaa. Na huduma ikisita, kwa sababu mzoaji hajalipwa miezi miwili au mashua imeharibika, watu watakuwa wameshazoea kuweka gunia mlangoni, na magunia yatajaa vichochoroni ambamo zamani hayakuwepo. Wazee wanaotahadharisha juu ya hili wanastahili kusikilizwa.

Hapa ndipo hesabu inaposaidia kuliko hamasa. Sera ya taifa ya usimamizi wa taka inakadiria kwamba mtu mmoja nchini hutoa wastani wa nusu kilo kwa siku, na kwamba kati ya asilimia 60 na 70 ya taka hizo ni za kuoza. Kiwango hicho huenda ni kikubwa kwa kijiji, lakini tukitumie kama mfano. Kijiji cha nyumba 200 zenye watu sita kila moja kitatoa kilo 600 kwa siku. Punda wa kilo 150 hapaswi kubebeshwa zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50, kwa hiyo ni safari 12 kila siku, kazi ambayo ada ndogo haiwezi kuilipia. Lakini taka za kuoza zikibaki nyumbani kwa mbuzi, kuku na shimo la mbolea, kinachobaki ni kama kilo 200, safari nne. Taka kavu hazina uzito mwingi ila hujaza shogi, yaani makapu ya mgongoni mwa punda, upesi, kwa hiyo safari zitaongezeka kidogo. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Tena taka kavu hazinuki, na zaweza kungoja siku tatu bila kumkera mtu.

Maana yake ni kwamba desturi ya zamani na huduma mpya hazigombanii kitu kimoja. Desturi ilishughulikia vyema kile kinachooza na bado inaweza. Mzoaji anahitajika kwa kile tu ambacho desturi haikuwahi kukijua. Anayependekeza kila kitu kitiwe katika gunia moja na kuchukuliwa anakiuzia kijiji huduma ghali kuliko haja yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inakwenda njia hiyohiyo, kwa kuwa inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, na inaziagiza kaunti ziweke vituo vya kuzichambua na kuzirejeleza.

Tuje kwenye fedha. Anayesema kuzoa taka ni kazi ya kaunti yuko sahihi kikatiba: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaitaja uondoaji wa taka na majaa miongoni mwa majukumu ya kaunti. Lakini Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inayotoa, kwa hiyo ada yenyewe si haramu. Neno la kushika hapo ni "inayotoa". Ada inayokusanywa kabla mzoaji hajapita, au inayoendelea kudaiwa baada ya yeye kuacha kupita, haina msingi, na mwananchi anayekataa kuilipa asiitwe mkaidi.

Aina ya ada nayo ina uzito wake. Ada sawa kwa kila nyumba ni rahisi kukusanya, lakini mjane anayesuka mikeka Matondoni hatoi taka kama nyumba ya wageni, na mvuvi ambaye bahari ya kusi imemfungia chombo kwa wiki nzima hana shilingi za kutoa mwezi huo. Kulipia kwa gunia kunaonekana haki zaidi, ila kunampa kila mtu sababu ya kumwaga usiku ufuoni, na kijiji kisicho na askari wa kulinda mikoko hakiwezi kuzuia hilo. Mimi naona ada ya nyumba za kawaida iwe ndogo na sawa, wasiojiweza wasamehewe na kamati inayowajua kwa majina, na maduka na nyumba za wageni zilipe zaidi, kwa kuwa ndizo milango ambayo vipakiti na chupa huingilia kijijini.

Kinachobaki ni ada hiyo ilipie nini, na hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Kijiji kinaweza kumlipa mtu mwenye punda au rikwama, glavu na viatu vya mpira, kutoka mlangoni hadi gatini. Hakiwezi kulipia mashua ya kuvuka hadi Mokowe, gati la upande wa bara, wala lori la kwenda Mombasa, zaidi ya kilomita 300, wala jaa lililochimbwa na kutandikwa ipasavyo. Kiwanda cha kurejeleza hulipia plastiki kwa kilo, ilhali mashua hujaa kwa ukubwa wa mzigo, kwa hiyo bei ya chupa haitoshi kurudisha nauli. Sehemu inaweza kugeuzwa kitu hapahapa: jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa tani kadhaa za plastiki chakavu na kushushwa majini mwaka 2018, lilikwenda Zanzibar mwaka uliofuata na kuonyesha kwamba mafundi wetu wanaimudu malighafi hiyo. Lakini ufundi huo unahitaji plastiki iliyochambuliwa, iliyokauka na inayofika kwa mfululizo. Kwa hiyo gharama igawanywe gatini: kijiji kilipie upande wa nchi kavu, kaunti ilipie kuanzia majini, na mkataba useme wazi kwamba mashua isipofika kwa muda uliokubaliwa, ada ya kijiji inasitishwa.

Pampasi hazina nafasi nzuri katika mpango wowote. Hazirejelezwi, hazilishi mbuzi, huchomeka kwa shida na zina kinyesi ndani. Mama hawezi kulaumiwa kwa kuzitumia, hasa penye uhaba wa maji ya kufulia nepi. Kwa hizo kijiji kinahitaji shimo moja lililosakafiwa, mbali na visima, lenye kifuniko, na mzoaji azichukue katika mfuko wake peke yake. Shimo hilo litajaa baada ya muda, na kaunti itapaswa kulihesabu kama sehemu ya jaa lake, isiliachie kamati ya kijiji.

Yote haya yana kalenda. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa mwelekeo wa fedha wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kijiji kinachofika kwenye kikao hicho kikiomba "usafi" kitapewa ahadi. Kikifika na jina la gati, siku za mashua, idadi ya nyumba zilizokubali kutenganisha taka na kiasi ambacho zimeahidi kuchanga kwa mzoaji, mwakilishi wa wadi atakuwa na kifungu cha kudai katika bajeti. Mazungumzo ya ada, kwa hiyo, yafanyike barazani wakati wa kaskazi, na fedha zisikusanywe kabla kifungu cha mashua hakijapitishwa na mzoaji hajaanza kupita.