Safari za misheni za vijana: jembe litolewe na mwenyeji

Naishi Minnesota, lakini nimezaliwa na kukulia Iringa. Mwaka huu, Juni hadi Agosti, kazi yangu ilikuwa kuongoza vikundi vya vijana Wakristo kutoka Marekani, kupanda nao basi Dar es Salaam na kuwafikisha kwenye sharika za vijijini huko nyumbani. Kikundi kimoja kikiondoka, kingine kinatua. Nawapenda vijana hawa. Wengi wana miaka 16 au 17, wameosha magari na kuuza keki kanisani ili wapate nauli, na wanaomba kwa moyo mweupe. Nataka safari hizi ziendelee. Ila kuna jambo ambalo sisi wenyeji tumelinyamazia muda mrefu, na kunyamaza kwetu kunawaumiza wao na sisi: hatuwaambii waje lini, wala waje kufanya nini.

Tuanze na lini. Shule za Marekani hufungwa karibu na mwezi wa sita, ndiyo maana wanakuja miezi hiyo. Kwao ni kiangazi na likizo ndefu. Iringa ni baridi, tena ni mavuno. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Novemba na Desemba yamekaukia shambani, na kila mwenye mikono anatakiwa huko kuvuna, kusomba na kupukuchua. Hapo hapo usharika unapokea basi zima la wageni na mabegi yao.

Niliyaona haya kwa karibu katika kijiji kimoja cha Kilolo. Saa kumi alfajiri akina mama wa usharika walikuwa wameshaamka, wako jikoni nyuma ya nyumba ya mchungaji, sweta juu ya khanga, wanachochea kuni chini ya masufuria makubwa ili kila mgeni apate ndoo ya maji ya moto. Maji yenyewe waliyachota jana yake jioni. Wageni wakishaoga, chai, maandazi na mayai. Baada ya chai, vyombo. Vyombo havijakauka, mchele wa mchana unachambuliwa. Nikamuuliza mmoja wao, ambaye namwita shangazi, ni nani anayemvunia. Akacheka. "Yatangoja, mwanangu. Mgeni ni baraka." Najua alisema kwa moyo wake wote. Najua pia kwamba panya na wezi hawana subira, na kwamba hakuna aliyemuuliza yeye wala wenzake kabla tarehe hazijapangwa. Barua ya ziara ilipofika kwa baraza la wazee, tiketi za ndege zilikuwa zimeshakatwa. Baraza likajibu: karibuni sana.

Hilo "karibuni sana" ndilo linalonikosesha usingizi. Kwetu kumkatalia mgeni ni aibu, na kumkatalia mgeni aliyekuja kwa jina la Yesu ni aibu mara mbili. Wazee wangu, naandika haya kwa heshima: Mmarekani akiandika barua kuuliza kama tarehe fulani zinafaa, anauliza kweli. Ukimwambia haifai, njooni mwezi mwingine, hatakasirika. Atafungua kalenda.

Kisha hilo la kufanya nini. Karibu kila kikundi hutaka kujenga. Naelewa sababu: ukuta unaonekana kwenye picha, na ni rahisi kuwaeleza waliochanga fedha. Katika kijiji kingine wageni walipangiwa kubeba tofali za kuchoma na kukoroga udongo wa kujengea darasa la Shule ya Jumapili. Fundi alikuwepo na timazi yake na pima maji yake, mtu wa hapo hapo, anaijua kazi. Waliokosa nafasi ni saidia fundi wake, vijana wa rika moja na wageni wetu, ambao kwa kawaida hulipwa ujira wa siku kwa kubeba tofali kama zile. Walikaa juu ya lundo la mchanga wakitazama. Mmoja wao ni mwimba besi wa kwaya ya vijana. Jumapili alitupokea mlangoni mwa kanisa kama mwenyeji. Jumatatu amegeuzwa mtazamaji kijijini kwake mwenyewe.

Tukakaa na fundi na mzee wa kanisa, tukapanga upya. Saidia fundi wakarudi kazini kwa malipo yao yaleyale, na kila mgeni akawekwa chini ya mmoja wao, afanye anachoambiwa. Yule mwimba besi alimfundisha binti mmoja wa Minnesota namna ya kupokea tofali linaporushwa, mikono ikirudi nyuma kidogo ili lisiumize viganja. Hawakuwa na lugha moja, lakini kufikia mchana walikuwa wanataniana. Kazi ilikuwa ileile na tofali zilezile. Kilichobadilika ni nani anamwelekeza nani, na hilo liliibadilisha siku nzima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuutumia msemo huu kumsema mgeni mvivu. Mimi nautazama upande wa mwenyeji: yeye ndiye mtoa jembe, kwa sababu yeye ndiye anayejua wapi pana magugu. Wageni wetu wanashuka na jembe lao, na sisi tunawapigia makofi.

Hili si jipya. Mwaka 1971, huko Milwaukee, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki aliwaambia Wakristo wa Marekani kwamba kupeleka wamisionari na fedha Afrika kusitishwe kwa muda, ili makanisa yetu yajitambue na pande zote mbili ziutafakari uhusiano wao upya. Wengi walishtuka. Mwaka 1974, mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliokaa Lusaka uliuunga mkono wito huo. Mimi sitaki safari za vijana zisitishwe. Lakini swali la Gatu, nani anaamua, bado linatusubiri sisi wajukuu zake.

Hesabu nayo ina la kusema. Baada ya Kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vingi kutoka Amerika Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, msomi Mkristo anayeishi huko, alizifuatilia familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na Wahonduras wenzao. Hakuona tofauti ya maana katika maisha yao baadaye. Nyumba moja iligharimu takribani dola 2,000, kiasi ambacho nauli na matumizi ya kikundi kimoja yalikipita mara nyingi. Aliwafuatilia na wageni wenyewe, akakuta kwamba kwa walio wengi, yale mabadiliko waliyodhani wameyapata hayakuonekana sana katika utoaji wao. Kwa hiyo tukitetea safari hizi kwa hoja ya ukuta, tumeshindwa kabla hatujaanza.

Mimi nazitetea kwa hoja nyingine. Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa kwenye mnada nje ya kanisa. Wasiokuwa na fedha wameleta sadaka ya kuku, mahindi, maboga. Bibi mmoja mzee sana alikuwa ametoa mayai ndani ya kikapu kidogo. Mzee wa kanisa akayainua juu, bei ikapanda, mtu akanunua, akayarudisha yauzwe tena, na tena. Kijana mmoja wa kikundi changu akaninong'oneza: mbona wanamruhusu mtu maskini kiasi hiki kutoa? Nikamwambia akamuulize mwenyewe, mimi nitatafsiri. Bibi akamtazama, akamshika mkono, akasema yeye ametoa kila mwaka tangu kipaimara chake, je, yeye kijana hutoa nini? Kijana hakuwa na jibu. Jioni, kwenye maombi na vijana wa usharika, alisimama akaomba waziwazi kuhusu wazazi wake wanaotengana, jambo ambalo hakuwahi kulisema kanisani kwao. Wale vijana walimzunguka, wakaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kama tunavyoomba sisi. Kwa hilo mimi nitapanda ndege tena.

Lakini kama tunachopeana ni hiki, kwa nini njia ni ya upande mmoja? Mmarekani hulipa dola 100 na kupata viza ya kutembelea Tanzania mtandaoni au akishatua. Kufikia mwaka 2025, kijana wa Iringa alikuwa akilipa dola 185 zisizorudi hata akinyimwa, akisafiri kama kilomita 500 hadi Dar es Salaam kwa usaili, na sheria ya Marekani ikimhesabu kuwa anataka kuhamia huko mpaka athibitishe vinginevyo. Kiongozi wa vijana aliyetupokea mwaka huu alialikwa Minnesota, akanyimwa. Inaniuma. Na si kwamba haiwezekani: VEM, umoja wa kimisheni wenye makao Wuppertal ambao baadhi ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni wanachama wake, huwapeleka vijana kutoka Afrika na Asia kujitolea Ujerumani. Hata kati ya Iringa na sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul, huko Minnesota, ushirika wa Bega kwa Bega una miongo kadhaa, sharika kwa sharika zikiombeana kwa majina. Uhusiano wa namna hiyo unaweza kubeba maneno magumu.

Kabla sijaondoka niliomba baraza la wazee la usharika mmoja waandike wanachotaka, wakiwashirikisha akina mama. Waliandika ukurasa mmoja. Wageni wasizidi kumi. Waje mwishoni mwa Desemba, mahindi yakishapandwa. Wasije na mradi wowote. Wachote maji na kuosha vyombo pamoja na vijana wa usharika, wavulana wakiwemo. Na nusu ya fedha watakazochanga ziwekwe kwa ajili ya maombi ya viza ya vijana wawili wa Iringa, kila mwaka, hata wakinyimwa.

Desemba wazazi wengi wa Minnesota wanataka watoto wao nyumbani kwa Krismasi, na tayari mmoja amenipigia simu kusema haiwezekani. Kikao chao ni mwezi wa kumi. Nitaisoma barua hiyo yote, kama ilivyoandikwa.